Orodha ina majina 600 lakini wanaolipa hawafiki 200, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimechaguliwa katibu wa uanachama kwenye chama chetu cha wanataaluma, tuna wahadhiri, watafiti na wanafunzi wa shahada za juu. Nimerithi faili moja la Excel lenye majina kama 600, nusu yao sijui hata kama bado wapo kwenye fani. Mweka hazina anasema waliolipa mwaka huu ni 180. Mkutano mkuu wa uchaguzi uko baada ya miezi minne na mwenyekiti anataka tununue sistimu ya kusimamia wanachama kabla ya hapo. Halafu kuna mmoja wa waasisi wa chama, hajalipa ada miaka sita, na kila mtu anaogopa kumgusa. Nifanyeje?

Jibu:

Marahaba dada. Pole na hongera kwa mpigo, manake hiyo kazi huwa anapewa yule aliyekaa kimya siku ya kikao, na ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayeona, ukiiharibu mkutano mkuu mzima unajua jina lako.

Nianze na hiyo sistimu kwa sababu ndo itakayokula hela. Mwambie mwenyekiti asubiri. Sisemi sistimu ni mbaya, nitairudia huko chini, ila sa hivi hamna cha kuingiza ndani yake. Mlichonacho ni orodha ya majina, rejista ya wanachama bado hamjawa nayo. Orodha inakwambia nani aliwahi kupita hapa, rejista inakwambia leo hii nani yuko ndani, nani yuko nje, na aliye ndani ana haki gani. Mi nimesaidia vyama kadhaa vya wasomi kupanga mambo yao na karibu kila nilikopita ugonjwa ni huo huo, watu wanachukulia uanachama kama shahada, ukishaipata umeipata, wakati uanachama wa kulipia ni kipindi, una siku unaanza na siku unaisha. Fungua hilo faili lako uangalie kama kuna safu ya tarehe ya mwisho. Nabahatisha kwamba hamna. Kuna jina, cheo, chuo, simu, imeili, na safu moja imeandikwa "Amelipa?" yenye ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo, na hakuna mtu hai anayejua ile ndiyo ni ya mwaka gani.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni safu moja tu, iite "Mwisho wa uanachama", na kila mtu aliyemo kwenye faili apate tarehe pale kutokana na malipo yake ya mwisho yenye ushahidi. Ushahidi ni risiti au mstari kwenye taarifa ya benki, "mi nilimpa hela katibu aliyepita" siyo ushahidi. Ambaye hana malipo yoyote yanayoonekana muachie wazi, usimfute, utashughulika naye baadaye. Ukimaliza hiyo safu, swali la "tuko wangapi?" linajibiwa kwa kuchuja faili, dakika moja, hakuna haja ya kikao.

Ila kabla hujaanza kujaza, kaa na katiba ya chama jioni moja na kalamu mkononi. Tafuta vitu vinne: makundi ya wanachama ni yapi (kamili, mwanafunzi, mstaafu, wa heshima, wa maisha, taasisi), nani kati yao anapiga kura, mtu anapoteza uanachama lini na kwa utaratibu gani, na akidi ya mkutano mkuu inahesabiwa vipi. Hicho cha nne ndicho kinachoangusha vyama. Chukulia katiba yenu inasema akidi ni theluthi moja ya wanachama, bila kufafanua wanachama gani. Ukihesabu kwa faili lenu, theluthi ya 600 ni watu 200, na nyie mliolipa mko 180, yaani hata mkija wote mpaka wagonjwa mkutano bado si halali. Ukihesabu kwa waliolipa, unahitaji 60 tu. Katiba ile ile, ukumbi ule ule, tofauti ni orodha. Nimeshaona uchaguzi unapingwa kwa hoja hii hii, na aliyepinga hakuwa na shida na akidi, alikuwa ameshindwa uenyekiti tu, lakini hoja yake ilikuwa ya kweli na uchaguzi ukarudiwa.

Sasa kama katiba yenu inasema asiyelipa baada ya muda fulani "atakoma kuwa mwanachama", mambo ni rahisi, wamekoma zamani, wewe unarekodi tu. Kama inasema "kamati inaweza kumfuta", basi kamati lazima ikae na kumbukumbu za kikao ziandikwe, huwezi kuwafuta wewe peke yako usiku kwenye laptop hata kama una uhakika. Na kama haisemi chochote, kamati ipitishe azimio la muda, litangazwe kwa watu wote 600 mapema, halafu mkutano mkuu wenyewe ulithibitishe kama marekebisho ya katiba. Hapo msitafute njia ya mkato, katiba za vyama vya wasomi zinasomwa na wasomi, utapelekewa barua ya kurasa nne yenye vifungu vyote.

Kusafisha faili lenyewe. Hapa ndo utatoa jasho, na hakuna programu itakayokutolea. Majina ya wasomi yana vituko vyake: mtu anajiunga akiwa mwanafunzi, anaandikwa kwa majina mawili na imeili ya chuo anachosoma, baada ya miaka mitano anarudi ni "Dk.", ameongeza jina la katikati, imeili ni ya chuo kingine, anapewa mstari mpya, halafu anapanda cheo, anajaza fomu ya kongamano, jina la ukoo limetangulia, "Prof." imeandikwa kwenye safu ya jina la kwanza, mstari wa tatu. Huyo ni mtu mmoja, kwenye faili lenu ni watatu, wawili wao "wadaiwa sugu". Panga faili kwa jina la ukoo, soma kwa macho, halafu lipange upya kwa namba ya simu, halafu kwa imeili. Kila mpango utakuonyesha marudio ambayo ule mwingine umeyaficha. Simu huwa inasaidia zaidi, watu wanahama vyuo lakini namba wanabaki nayo. Vyeo vitoe kwenye safu ya jina uvipe safu yao, vinginevyo ukipanga kwa herufi wote wenye Dk. watajazana sehemu moja.

Na kila mtu apate namba ya uanachama ambayo haibadiliki milele na hapewi mtu mwingine hata mwenyewe akijitoa au akifariki. Namba isiwe na maana yoyote ndani yake, nimekuta chama namba zao zilikuwa na herufi ya kundi, M ya mwanafunzi na K ya kamili, kwa hiyo mtu akimaliza shahada namba inabadilika na historia yake yote inapotea, nani alibuni kitu kama kile sijui. Waombe pia ORCID kwa walio nayo, ile namba ya watafiti yenye tarakimu 16 iliyoanza kutolewa 2012. Ni ya bure, haifuati chuo, haifuati jina, na kwenye fani ambazo watu watano wanaandika kwa jina moja inakuokoa. Ila isiwe lazima, wanachama wenu wastaafu wengi hawatakuwa nayo. Kitu cha lazima ni imeili ya pili, ya binafsi. Imeili ya chuo inakufa mwezi ule ule mtu anapohama kazi, na hapo wewe unamtumia vikumbusho vya ada hewani mwaka mzima halafu unamwita mkaidi.

Mwaka wa uanachama. Kuna njia mbili na lazima mchague moja. Ya kwanza wote mnaanza na kumaliza pamoja, Januari hadi Desemba, ndivyo IEEE wanavyofanya na ni shirika kubwa mno la wahandisi. Ya pili kila mtu ana miezi 12 yake kuanzia siku aliyolipa. Ya pili inaonekana ya haki zaidi, na ni ya haki kweli, aliyelipa Septemba haoni ameibiwa. Lakini inakutaka utume vikumbusho kila wiki ya mwaka kwa watu tofauti, na kwa katibu wa kujitolea ambaye ana madarasa ya kufundisha na mitihani ya kusahihisha, hilo halitadumu zaidi ya miezi mitatu. Kwa chama cha watu 180 chukueni mwaka mmoja wa wote, halafu mweke sheria kwamba anayejiunga kuanzia Oktoba anahesabiwa hadi Desemba ya mwaka unaofuata, malalamiko ya uonevu yanaisha hapo. Mkija kupata sistimu inayotuma vikumbusho yenyewe ndo mfikirie miezi 12 ya kila mtu.

Halafu muda wa nyongeza. Mtu ambaye tarehe yake imepita jana siyo mtu aliyejitoa, mara nyingi amesahau tu au anasubiri chuo kimrudishie hela. Mpeni miezi mitatu. Lakini andikeni kabisa ndani ya hiyo miezi mitatu anapata nini na hapati nini, mi napendekeza aendelee kupata jarida na taarifa, asipige kura wala kugombea. Baada ya hapo hali yake inabadilika kuwa "umeisha" na anatolewa kwenye orodha ya barua, ila mstari wake unabaki. Kwenye faili usiwe na hali kumi, nne zinatosha: hai, nyongeza, umeisha, amefariki. Hiyo ya mwisho wengi hawaiweki, mpaka siku mjane anapofungua imeili ya marehemu na kukuta "Mpendwa mwanachama, unadaiwa". Niliwahi kuiandika barua ya kuomba radhi kwa jambo hilo, siku zote naona aibu nikiikumbuka.

Vikumbusho sasa. Watu wengi wanatuma kimoja, Januari, kwa wote, kimeandikwa "TANGAZO: ADA" na kimesainiwa "Sekretarieti". Hakuna anayefungua. Tuma cha kwanza siku 60 kabla, cha pili siku 30, cha tatu wiki moja kabla, cha nne wiki mbili baada ya kuisha, na cha mwisho kabla muda wa nyongeza haujakwisha. Kitoke kwa jina lako wewe, mtu, na kiwe kifupi. Mfano:

"Habari za kazi Daktari. Uanachama wako (namba 0417) unaisha tarehe 31 Desemba. Mwaka huu ulihudhuria kongamano na ulisoma makala mbili kwa ajili ya jarida letu, tunashukuru sana. Ada ya mwaka kesho ni ile ile. Ukilipa, andika namba 0417 kwenye maelezo ya malipo ili nikutambue. Ukiwa umeamua kupumzika mwaka huu niambie tu, sitakusumbua tena."

Hiyo sentensi ya mwisho watu wa kamati wataikataa, watasema unawafungulia watu mlango watoke. Waache. Anayekwambia anaondoka umepata habari mbili, kwamba kaondoka na kwa nini, anayenyamaza hujapata hata moja. Na ule mstari wa alichofanya mwaka huu ndo unaofanya mtu alipe, kuliko aya nzima ya "faida za uanachama".

Kuhusu ile namba kwenye maelezo ya malipo, usiipuuze kabisa. Kaa na mweka hazina mfungue taarifa ya benki, utakuta malipo ya ada yameandikwa "ada", "conf", "chuo", au jina la mke wa mtu, au hamna kitu, na mweka hazina anakisia. Nusu ya wanaolalamika kwamba wamelipa na hawatambuliwi wamelipa kweli. Wengine wamelipiwa na chuo kwa hundi moja ya watu saba na orodha ya majina haikuambatanishwa. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba anadaiwa, wewe na mweka hazina mlinganishe rejista na benki mstari kwa mstari, na mkifika mahali hamjui ni nani mpigieni simu mnayemshuku. Baada ya hapo fanyeni hivyo kila mwezi, isiwe kila mwaka. Na kwa wanaolipa kutoka nje ya nchi mlipo, benki za katikati zinakata hela njiani, mtu anatuma ada kamili inafika pungufu, amueni mapema kama pungufu ndogo mnaisamehe au la. Mi nasema msameheni, gharama ya kumwandikia barua ya kudai kiasi kile ni kubwa kuliko kiasi chenyewe.

Viwango vya ada sitakaa sana kwa sababu hukuuliza, ila kama mna ada moja kwa wote fikirieni upya. Vyama kama Modern Language Association na American Historical Association vya Marekani vinatoza kulingana na kipato cha mwanachama mwenyewe, anajitangazia mwenyewe, hakuna anayemkagua, na vyama vingi vya kimataifa vinapanga kwa yale makundi manne ya Benki ya Dunia ya uchumi wa nchi. Kuna sehemu moja tu nataka uangalie kwenye faili lenu: wanafunzi wangapi walipotea mwaka ule ule waliomaliza. Mtu amekuwa mwanachama miaka minne kwa ada ya mwanafunzi, anamaliza, hana kazi ya kudumu, ndo kwanza anafundisha vipindi vya kuokoteza, na siku hiyo hiyo chama kinamrukisha kwenye ada kamili ambayo labda ni mara tatu ya ile. Anaondoka, na kurudi harudi. Wekeni kundi la kati, miaka mitatu baada ya shahada, ada nusu. Hamtapoteza hela, hao kwa sasa wanawalipa sifuri.

Uanachama wa maisha, jihadhari nao. Kamati ikiishiwa hela huwa kuna mtu anasimama na wazo hilo, "tuuze uanachama wa maisha kwa ada ya miaka kumi". Hela inaingia mwaka huo, inatumika mwaka huo, na mtu mwenye miaka 35 mnamhudumia mpaka afike 80, jarida, barua, kura, bila senti nyingine. Kama lazima muuze, bei iwe angalau ada ya miaka 20 na hela yote iende kwenye akaunti ya akiba ambayo kamati haiwezi kuigusa, mnatumia faida yake tu. Kama hamuwezi kujizuia kuigusa, na vyama vichache vinaweza, msiuze.

Kuna kundi jingine utalikuta ukishajaza tarehe, watu waliolipa mwaka mmoja tu na mwaka huo ni wa kongamano. Hao hawakuwa wanachama rohoni, walipiga hesabu wakaona ada ya uanachama pamoja na kiingilio cha mwanachama ni nafuu kuliko kiingilio cha asiye mwanachama, wakajiunga dirishani. Siyo kosa lao, bei mmeipanga nyie. Cha kufanya siyo kufuta punguzo, ni kuwafikia ndani ya siku 90 za kwanza na kitu cha kufanya, siyo barua ya karibu yenye picha ya mwenyekiti. Muulize anaweza kusoma makala gani, yuko tayari kuongoza kikao, anaweza kumsimamia mwanafunzi mmoja kwa ushauri. Msomi ukimpa kazi anabaki, ajabu lakini ndivyo tulivyo.

Pima pia, ila kwa namba moja, usijaze ripoti kwa grafu. Chukua waliokuwa hai mwishoni mwa mwaka jana, angalia wangapi kati yao hao hao wamelipa tena mwaka huu. Wakiwa 180 na waliorudi ni 141, mmebaki na asilimia 78. Wapya usiwaingize kwenye hesabu hiyo, ndo kosa ninaloliona mara kwa mara, chama kinapoteza watu 40 kinapata wapya 45 na katibu anasoma kwenye mkutano "tumekua", watu wanapiga makofi, wakati mtungi unavuja chini.

Taarifa za watu. Faili lenu lina simu, imeili, pengine tarehe za kuzaliwa na nakala za vitambulisho ambazo mtu fulani aliziomba zamani bila sababu. Zifuteni nakala hizo. Kama mna wanachama Ulaya sheria yao ya ulinzi wa data, GDPR, inafanya kazi tangu tarehe 25 Mei 2018, na nchi nyingi nyingine zina za kwao siku hizi, lakini hata bila sheria, chukua kipimo rahisi: kila safu ijibu swali "inatumika kwa kazi gani?", isiyojibu inaondoka. Na faili lisitembee WhatsApp. Kila mjumbe wa kamati akiwa na nakala yake, baada ya mwezi mna rejista sita na kila moja ina ukweli wake. Nakala kuu moja, watu wawili wenye ruhusa ya kuhariri, wengine wanaona tu. Na imeili ya uanachama iwe ya chama, nywila ijulikane na watu wawili. Nimewahi kurithi kazi ambapo miaka minane ya mawasiliano ilikuwa kwenye imeili binafsi ya katibu aliyetangulia, na tulikuwa hatuongei naye vizuri, basi ikawa ndo imeisha.

Haya, sistimu. Ukishakuwa na rejista safi, kwa watu 180 Excel inatosha kabisa mwaka mwingine mzima, kero halisi zinaanza mkivuka mia tatu hivi au mkitaka watu walipe mtandaoni na risiti iende yenyewe. Ipo CiviCRM, ni programu huria, haina gharama ya leseni, imetengenezwa kwa ajili ya mashirika yasiyo ya faida na inakaa ndani ya WordPress au Drupal (programu za kuendeshea tovuti), ila inahitaji mtu anayejua kuihudumia, na mtu huyo akihama mmekwama. Zipo za kulipia kwa mwezi ambazo hazihitaji fundi. Vyovyote mtakavyochagua, swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe la bei, muulize "tukiondoka mwakani tunatoka na data zetu zote kwa mfumo gani, na historia ya malipo inatoka pia?" Akianza kuzunguka, ageni.

Kwa miezi minne uliyonayo mi ningeigawa hivi: mwezi wa kwanza katiba na safu ya tarehe, wa pili kulinganisha na benki na kuondoa marudio, wa tatu kuwaandikia wote 600 kila mmoja na hali yake kama ilivyo kwenye rejista na kumpa nafasi ya kusahihisha au kulipa, na siku 30 kabla ya mkutano rejista inafungwa. Kufungwa maana yake anayelipa baada ya hapo ni mwanachama, anakaribishwa, anakunywa chai, ila hapigi kura mkutano ule. Bila hivyo asubuhi ya uchaguzi utaona mgombea anakuja na bahasha ya ada za watu 40 ambao wewe hujawahi kuwaona. Tarehe hiyo ya kufunga itangazeni mapema mno, isije ikaonekana imebuniwa kumzuia mtu.

Wenye madeni ya nyuma msiwadai. Najua mweka hazina atanuna, anaona hela pale, miaka mitatu mara watu mia nne, lakini ile hela haipo na haikuwahi kuwepo. Alipe mwaka huu, aingie upya, miaka ya katikati ibaki wazi kwenye historia yake. Anayetaka mfululizo wake usikatike kwa sababu ya kuomba daraja la juu la uanachama ndo alipe ya nyuma, kwa hiari.

Na tatizo lenyewe msilione la kwenu peke yenu. Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, ilianzishwa 1660, wanachama walitakiwa kulipa shilingi moja kwa wiki, na muda si mrefu wadaiwa walikuwa wengi kiasi cha kuwaumiza kichwa viongozi. Isaac Newton aliingia 1672, na 1675 walimsamehe ile shilingi ya kila wiki. Mwaka 1703 alichaguliwa rais wa chama hicho hicho. Wangemfuta kimyakimya kwa deni sijui ingekuwaje, lakini angalia walichofanya: walikaa, wakaamua, ikaandikwa. Hakuachwa aelee kwenye orodha huku kila mtu anajifanya haoni.

Hapo ndo nakuja kwa mwasisi wenu. Mkimwacha kama alivyo, kila mdaiwa mwingine atamtaja yeye, na atakuwa sahihi. Mkimtumia kile kikumbusho cha nne cha wiki mbili baada ya kuisha mtakuwa mmemtukana mzee. Angalia kama katiba ina kundi la wanachama wa heshima. Ikiwa lipo, kamati ipitishe jina lake kwa utaratibu wake, mkutano mkuu umthibitishe, na kwenye rejista aandikwe hivyo, hai, hana ada, ana kura au hana kama katiba inavyosema. Likiwa halipo, kamati impe msamaha wa ada kwa kikao chenye kumbukumbu, na kifungu cha msamaha kiwe wazi kwa wengine wenye hali kama yake, wastaafu, wagonjwa, wasio na kazi.

Ila kabla ya kikao chochote, nenda kamwone. Usiandike imeili, usimtume mtu. Mpigie kwanza, uende, umwamkie, ukae, umuulize chama kilianzaje, yeye ndo anajua mambo ambayo hayamo kwenye faili lolote, na baada ya hapo mwambie mnasafisha rejista na mngependa kujua yeye mwenyewe anataka aandikwe vipi. Mara mbili nimefanya mazungumzo ya aina hiyo. Mmoja alisema "niandikeni mstaafu, na nitalipa hiyo ada ya wastaafu, mlidhani siwezi?" Wa pili alishangaa, alikuwa anadhani chuo chake cha zamani bado kinamlipia, miaka yote ile hakuna aliyemwambia.